Kwanza ufunguo: tathmini ya huduma ya makazi iliyompokea mdogo wangu

Jina la huduma hii silitaji, na sababu ni moja: mdogo wangu bado yuko chini yake, na ukiijua huduma utamjua na yeye. Ameniruhusu niandike. Ameomba tu nisimwite kichaa, na nisimwite mgonjwa kila baada ya maneno matatu. Nitajitahidi.

Namwandikia mtu ambaye usiku wa leo hajui ndugu yake amelala wapi. Miaka sita nilikuwa mtu huyo. Kabla ya kufika hapa nilikwishaomba msaada hospitali, kwenye malazi ya usiku na kwenye nyumba ya uangalizi, kwa hiyo ninaposema hii ni nzuri au hapa wamekosea, ninayo ya kulinganisha nayo. Mdogo wangu ametimiza miaka miwili na miezi minne na huduma hii. Si muda wa kuhukumu kwa pupa.

Wanachofanya ni hiki. Wanamtafutia mtu chumba cha kupanga katika jengo la kawaida, lenye wapangaji wengine wasiohusika nao kabisa. Mkataba unaandikwa kwa jina lake. Sehemu ya kipato chake, isiyozidi theluthi, inakwenda kwenye kodi, na inayobaki wanalipa wao. Halafu ipo timu: muuguzi, daktari wa magonjwa ya akili, ofisa ustawi wa jamii, na mtu mmoja ambaye mwenyewe aliwahi kuugua na kulala nje. Hawakai ofisini kusubiri, wanamfuata alipo. Masharti ni mawili tu: alipe sehemu yake ya kodi, na akubali kutembelewa walau mara moja kwa wiki. Hakuna sharti la kumeza dawa. Hakuna sharti la kuacha pombe kwanza. Wala hakuna sharti la kukiri kwamba anaumwa.

Hapo ndipo nilipokwaruzana nao siku ya kwanza. Nilimuuliza muuguzi, mtu asiyetaka dawa mnampaje nyumba, si ataiharibu? Hakukasirika. Akaniuliza, "Dada, alipokuwa nje, dawa alikuwa anazitaka?" Nikanyamaza, maana jibu nililijua.

Mdogo wangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo na kuamini yasiyo kweli. Ilimwanza akiwa na miaka 21, umri ambao huwaanza wanaume wengi, na kwa mwaka mzima tulidhani ni ujana na majivuno. Alipopata dawa alipata nafuu, akarudi kazini, akaiacha dawa, akaugua tena, kazi ikapotea, na baada ya kazi kikapotea chumba. Hadithi hiyo wenye ndugu kama wangu wanaijua hata nisipoimalizia. Wasichokijua wengi, na mimi sikukijua, ni kinachotokea kati ya dawa na barabara. Vidonge alivyoandikiwa vilikuwa vinamlaza fofofo. Kwa mtu mwenye kitanda, usingizi huo ni nusu ya tiba. Kwa anayelala kwenye ngazi za jengo la ofisi ni hatari. Alikuja kunieleza baadaye sana, kwa sauti ya chini, kama anayenieleza njia ya kufika mahali: "Dada, nikimeza naibiwa." Mara ya kwanza waliondoka na viatu vyake. Mara ya pili walichukua mfuko wenye blanketi, kitambulisho na vidonge vyenyewe. Mara ya tatu aliamshwa kwa mateke. Akaamua kukesha usiku na kusinzia mchana kwenye viti vya stendi.

Mtu yeyote akikaa siku tatu bila kulala, hata mwenye akili timamu kabisa, anaweza kuanza kuona na kusikia visivyokuwapo. Kwa mwenye ugonjwa huu, kukosa usingizi ni kuni juu ya moto. Sauti zikamrudia kwa nguvu. Zilivyozidi, ndivyo alivyozidi kuogopa watu, na alivyozidi kuogopa watu ndivyo alivyozidi kujificha mahali ambapo hakuna muuguzi angeweza kumwona. Miaka yote hiyo mimi nilikuwa nawaambia ndugu na jamaa, "amekataa dawa", kumbe alichokuwa anakikataa ni kulala kama gogo mahali pasipo na mlango.

Ukilielewa hilo, huduma nyingine zote tulizopitia utaziona kwa jicho jingine.

Malazi ya usiku, kwa mfano. Ukumbi mmoja, vitanda arobaini, taa haizimwi. Unaingia kabla ya saa mbili usiku, unatoka saa kumi na mbili asubuhi na kila kitu chako, hata kama una homa. Mtu anayesikia sauti hawezi kulala pembeni ya watu thelathini na tisa wanaokoroma, kukohoa na kugombana. Alikuwa anatembea usiku, kutoka ukutani hadi ukutani, akizungumza. Wenzake wakalalamika, na walikuwa na haki, wengine walikuwa na vibarua alfajiri. Usiku wa nne akaambiwa asirudi. Siwalaumu wasimamizi wa zamu, walikuwa wawili. Lakini mahali palipowekwa kwa ajili ya watu wasio na makazi palikuwa pamepangwa kwa namna ambayo dalili za ugonjwa wake peke yake zilitosha kumfukuzisha.

Wodini alilazwa mara tatu. Mara ya tatu siku 19, na nakiri walimtibu vizuri, alitoka ananitazama usoni. Aliruhusiwa Ijumaa alasiri. Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika anuani, wakaandika yangu bila kuniuliza. Barua ya kumwita kliniki ilifika kwangu wiki tatu baadaye, yeye akiwa hayupo kwangu. Hakwenda. Ikaja barua ya pili kusema hakuhudhuria, faili limefungwa. Nilizishika barua zile mbili mkononi nikiwa sijui nimpelekee wapi. Mtu anatibiwa, halafu anarudishwa kwenye kitu kilekile kilichomlaza wodini, na wote waliohusika wamefanya kazi yao sawasawa kama ilivyoandikwa.

Kuhusu kwangu, lazima niseme. Nyumbani kwangu nako palikuwa huduma, tena huduma iliyoshindwa. Alikaa miezi minane, akaondoka, akarudi, akakaa mitano. Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi nyumbani. Aliamini cherehani inarekodi anachowaza, kwa hiyo kila asubuhi nilikuta waya umechomolewa na bobini zimefichwa. Hilo nilivumilia. Usiku alisimama koridoni nje ya chumba cha watoto akilinda, ndivyo alivyosema, analinda, na binti yangu mdogo akaanza kukojoa kitandani kwa hofu ya kutoka. Usiku mmoja nilimwambia atoke. Mvua ilikuwa inanyesha, na alitoka bila koti.

Naandika haya kwa sababu najua kati ya watakaosoma yuko aliyewahi kusema neno hilohilo. Timu ya huduma hii waliniuliza kuhusu usiku ule katika mazungumzo yetu ya pili. Hawakunifariji na hawakunilaumu. Waliandika tu tarehe, wakauliza baada ya hapo alikwenda wapi.

Koti lile nilimtafuta nikampa wiki iliyofuata. Kabla ya kumpa nilishonea mfuko wa siri ndani, chini ya kwapa la kushoto, wa kutosha kitambulisho tu. Cha tatu hicho. Ukikipoteza kitambulisho, kliniki hawakuandikishi, malazi hawakupokei, na msaada wa serikali huwezi hata kuuomba. Nguvu niliyotumia miaka ile kufuatilia vitambulisho ingeshona sare za shule nzima.

Palikuwa pia na nyumba ya uangalizi, yenye utaratibu wa ngazi. Unaanza chumba cha watu wanane. Ukikaa mwezi bila pombe, ukimeza dawa mbele ya msimamizi na kuhudhuria vikao vyote vya kikundi, unapanda chumba cha watu wawili. Ukiendelea hivyo, ipo siku utapewa chumba chako. Inaonekana ni haki. Mdogo wangu alifika ngazi ya pili, akakosa vikao vitatu kwa sababu wiki hiyo sauti zilikuwa zinamwambia watu wa kwenye kikundi wanamsoma mawazo. Akashushwa. Akakosa tena. Chini ya ngazi ya kwanza hakuna ngazi nyingine, kuna nje. Alitakiwa awe mzima ndipo apewe kitu ambacho bila hicho hawezi kuwa mzima.

Huduma hii ninayoitathmini imeigeuza ngazi hiyo. Utaratibu wenyewe unaitwa Makazi Kwanza, na haukubuniwa na hawa. Mwanzilishi anayetajwa zaidi ni mwanasaikolojia Sam Tsemberis, aliyeanzisha shirika la Pathways to Housing huko New York mwaka 1992, kwa ajili ya watu haswa kama mdogo wangu: wenye ugonjwa mkali wa akili, walioishi barabarani miaka mingi, walioandikwa kwenye mafaili kwamba hawako tayari kwa nyumba. Aliwapa nyumba. Ufini waliuchukua utaratibu huo kuwa sera ya taifa mwaka 2008, na sehemu ya malazi yao ya usiku wakayageuza kuwa vyumba vya kupanga, kila mtu na mlango wake.

Lakini kilichonifanya niamini ni Kanada, kwa sababu kule walipima. Kuanzia mwaka 2009 waliendesha mradi wa At Home/Chez Soi katika miji mitano, Vancouver, Winnipeg, Toronto, Montréal na Moncton, ukiwa na watu zaidi ya 2,000 wasio na makazi na wenye ugonjwa wa akili. Waligawanywa kwa kura: wengine Makazi Kwanza, wengine waendelee na huduma zilizokuwapo. Katika miezi sita ya mwisho ya ufuatiliaji, kati ya kila watu 100 wa Makazi Kwanza, 62 walikuwa na makazi muda wote. Upande wa pili walikuwa 31. Na upande huo wa pili, 46 kati ya kila 100 hawakuwa na makazi hata siku moja katika miezi hiyo.

Muuguzi aliponisomea hesabu hizo nilimuuliza, na ugonjwa? Akaniambia ukweli, na kwa ukweli ule nilianza kumheshimu. Dalili za ugonjwa zilipungua kwa makundi yote mawili karibu sawa. Nyumba haikuponya skizofrenia ya mtu. Na hata ndani ya Makazi Kwanza, 16 kati ya kila 100 hawakuwa na makazi kabisa katika miezi ile ya mwisho. "Simuahidi mtu muujiza," akasema. "Namuahidi mlango."

Sasa niseme kilichotokea baada ya ufunguo.

Alikabidhiwa Jumanne. Wa timu, yule aliyewahi kulala nje mwenyewe, alimpa ufunguo mkononi, akarudi nyuma hatua mbili, akamwacha afungue peke yake. Nilitaka kumsaidia kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka, akanizuia kwa macho. Mdogo wangu alifungua, akaingia, akafunga kwa ndani. Tukabaki koridoni. Tulisikia kitasa kikizungushwa, ufunguo ukigeuzwa, mlango ukijaribiwa. Nilihesabu mara kumi na moja. Yule wa timu akaniambia taratibu, "Mimi nilifanya hivyo wiki nzima."

Wiki nne za mwanzo hakulala kwenye kitanda. Alilala sakafuni, mgongo umeegemea mlango, viatu miguuni, ufunguo shingoni kwa kamba. Timu walikuja mara tatu kwa wiki. Hawakuzungumzia dawa hata kidogo, na mimi roho ilikuwa inanitoka. Walizungumza naye juu ya bomba linalovuja, juu ya kulipia umeme, juu ya jirani anayepiga redio. Wiki ya tano viatu vilitoka, na siku chache baadaye nikakuta shuka limekunjwakunjwa, kitanda kimelaliwa. Mwezi wa pili, yeye mwenyewe, bila kuulizwa, akamwambia muuguzi kwamba vidonge vinamkumbusha nje, je, hakuna namna nyingine? Ipo, sindano inayochomwa mara moja kwa mwezi. Aliianza mwezi wa tatu. Mtu niliyemhesabu miaka sita kuwa mkataa dawa aliomba dawa siku ya hamsini na tatu baada ya kupata mahali pa kulala. Tarehe ninayo, niliiandika kwenye daftari la vipimo vya wateja kwa sababu ndilo lililokuwa mkononi.

Tusidanganyane kwamba mlango unatosha kwa kila mtu. Wapo wenye ugonjwa uliowazidi kiasi kwamba wanahitaji wodi kwanza, na huduma hii yenyewe hulaza watu inapobidi.

Shemeji yangu alisema, na wengi wanasema, hawa warudishwe kwenye hospitali kubwa za zamani wafungiwe huko, wapate pa kulala. Nilimjibu kwa kirefu, nitafupisha. Marekani mwaka 1955 hospitali za akili za majimbo zilikuwa na wagonjwa zaidi ya 550,000, wengine wamekaa humo maisha yao yote. Dawa mpya zikaja, wakaanza kutolewa. Mwaka 1963 Rais Kennedy alisaini sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili katika jamii, ili wanaotoka wapate pa kuhudumiwa. Hospitali nyingi zilifungwa kweli. Vituo, vingi havikujengwa. Italia nayo ilipitisha sheria namba 180 mwaka 1978 ya kuzifunga hospitali zake za akili, na huko pia ubora wa maisha ya waliotoka ulitegemea kama mji wao uliwaandalia nyumba, kazi na kliniki au haukuwaandalia. Kosa halikuwa kuwafungulia watu. Kosa lilikuwa kuwafungulia mlango mmoja bila kuwaandalia wa pili.

Na niongeze jambo alilonirekebisha ofisa ustawi wa jamii, kwa sababu nilikuwa nalisema vibaya. Nilikuwa nasema ugonjwa ndio uliomtupa mdogo wangu barabarani. Akaniambia watu wengi sana wana ugonjwa huuhuu na hawajawahi kukosa pa kulala hata usiku mmoja. Kinachomtoa mtu ndani ni kodi isiyolipika, kazi iliyokwisha, ndugu waliochoka, faili lililofungwa, vyote vikikutana wakati mmoja. Na barabara yenyewe inazalisha ugonjwa. Wapo wateja wao walioingia barabarani wakiwa wazima, kwa talaka au deni, na huko ndiko sonona na kiwewe vilikowapata, na pombe ikawa dawa ya usingizi. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2021, uliokusanya tafiti 39 kutoka nchi tajiri, ulikuta watu wapatao 76 kati ya kila 100 wasio na makazi wana tatizo fulani la akili, likiongozwa na utegemezi wa pombe na madawa ya kulevya. Wenye skizofrenia na magonjwa ya jamii yake walikuwa kama 12 tu. Yule unayemwona anaongea peke yake stendi ni mmoja. Wengi wa waliobaki hawaongei na mtu yeyote, kwa hiyo huwaoni.

Kasoro. Ziko, na nyingine kubwa.

Tulisubiri miezi saba. Miezi saba ya kulala nje kwa mtu wa hali yake ingeweza kumuua, na wakati tunasubiri hakuna aliyetupigia hata kutuambia tuko nafasi ya ngapi. Niliwaambia usoni, narudia hapa. Kama vyumba havitoshi, simu inatosha.

Timu inabadilika mno. Muuguzi wa sasa ni wa tatu. Mtu ambaye ugonjwa wake unamwambia watu wote ni wapelelezi anahitaji miezi kumzoea mtu mmoja, na kila anapoondoka mmoja, mdogo wangu hurudi kulala na viatu siku kadhaa. Najua mishahara yao ni midogo na kazi ni nzito. Lakini anayelipia mabadiliko hayo ni yeye.

Simu ya usiku ipo, ila mwisho wa juma anayepokea ni mtu asiyemjua mteja, anasoma kwenye kompyuta. Jumamosi moja mdogo wangu alinipigia mimi badala yao, saa tisa usiku, akanipa anuani ya chumba chake kama vile sijawahi kufika. Nilikwenda.

Na upweke. Hili ndilo lililoniuma kuliko yote, maana sikulitarajia. Barabarani alikuwa na watu wawili aliolala karibu nao, wakilindana zamu. Alipopata chumba akawapoteza, kwa sababu aliogopa kuwakaribisha asije akapoteza mkataba. Kuta nne za mtu anayesikia sauti zinaweza kuwa na kelele kuliko stendi. Mwezi wa nne aliniambia bora angebaki nje. Timu walichelewa kuliona. Sasa wameanzisha mchana wa pamoja kila Alhamisi, watu sita saba, wanacheza karata na kurekebisha baiskeli, lakini hilo lilikuja mwaka wa pili, na naamini wengine walikwishaondoka kwa kukosa tu mtu wa kukaa naye.

Mwezi wa tisa alipoteza chumba cha kwanza. Alikosa sindano moja, halafu ya pili, akaugua, akabomoa sehemu ya ukuta akitafuta nyaya alizoamini zimefichwa, na maji yakafurika hadi kwa jirani wa chini. Mwenye nyumba akavunja mkataba, na ukitazama uharibifu ule huwezi kumwambia neno. Nilikaa kwenye ngazi za jengo lile nikasema basi, tumerudi mwanzo, miaka sita mingine. Kwenye huduma zote za nyuma hapo ndipo faili lilipofungwa.

Ofisa ustawi wa jamii akaja akakaa pembeni yangu akanieleza mpango: kwanza alazwe, nasi tutamtembelea wodini, ukuta tutautengeneza sisi, kwa mwenye nyumba huyu tutahitaji kurudi na wateja wengine, chumba kingine tunaanza kutafuta leo. Nilimuuliza kama hawamwadhibu. Akaniuliza, kwa kuugua? Wodini walikwenda mara mbili kwa wiki, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Chumba cha pili kilipatikana siku ya 23, ghorofa ya chini safari hii, mbali na bomba kuu. Alitoka wodini akaingizwa chumbani moja kwa moja, hakulala nje hata usiku mmoja. Anuani iliyoandikwa kwenye fomu ilikuwa yake.

Kwa hiyo ukipata huduma inayojiita hivi, usiangalie rangi ya kuta wala upana wa kitanda. Uliza mkataba unaandikwa jina la nani. Uliza akiacha dawa itakuwaje, na usikubali jibu la "tutaona". Uliza akipoteza chumba nini kinafuata, na nani anapokea simu Jumamosi saa tisa usiku. Uliza kama yuko mmoja kwenye timu aliyewahi kulala nje, kwa sababu wenzake wanajua dawa, yeye anajua kwa nini mtu anajaribu kitasa mara kumi na moja.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya ile miezi saba na ile ya upweke, na nitairudisha wakirekebisha.

Mapazia ya chumba cha pili nilimshonea mimi. Nilipima dirisha akiwa amesimama nyuma yangu akisoma futi kwa sauti, kama alivyokuwa akinisaidia zamani akiwa mtoto. Alichagua kitambaa kizito cha rangi ya kijani, mwanga usipite.

Jumapili iliyopita nilikwenda bila kumpa taarifa. Nilibisha hodi. Akaja hadi mlangoni, nikasikia pumzi yake upande wa pili, akasema, "Dada, leo siwezi. Njoo Jumatano." Sauti ilikuwa shwari. Nilisimama pale kitambo, mimi niliyemwambia atoke usiku wa mvua, kisha nikamwambia sawa, Jumatano, nikarudi nyumbani.

Jumatano alinifungulia. Alikuwa amefua mapazia mwenyewe na kuyatundika tena, ila ameyageuza, upindo unaangalia chumbani na upande mzuri unaangalia nje. Mimi fundi, niliona kabla sijakaa. Sikuyagusa.